Asilimia 100 Peke Yake Haitoshi: Soma Barua ya VA Mpaka Ukurasa wa Mwisho

Juzi alikuja ofisini mama mmoja, mumewe alikuwa jeshi la Marekani, akapelekwa Iraq, akarudi mgongo umeharibika na usingizi hana, na kwa miaka kadhaa sasa VA, ile idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani yaani waliowahi kuwa jeshini, inamlipa ulemavu wa asilimia 100. Mama kaja na swali moja tu, kijana wao kamaliza sekondari na chuo kinataka hela, je kuna mahali pa kukopa? Nikamwambia naomba nione ile barua ya uamuzi. Akaitoa kwenye bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, ukurasa wa kwanza pale penye kiasi cha hela umechakaa kwa kushikwashikwa, kurasa za nyuma safi kama zimetoka kwenye printa leo asubuhi. Na huko nyuma ndiko kulikoandikwa kwamba mke na watoto wana haki ya msaada wa masomo, ile inaitwa Chapter 35. Imelala hapo muda wote huo na wao wanatafuta mkopo.

Hii inaniuma sana kwa sababu naiona kila mara. Mimi kazi yangu ni kusaidia maveterani kujaza madai ya VA, na wenzetu wanaoongea Kiswahili ni wengi jeshini huku, kuna Wakenya, Wakongo, Watanzania, wengine waliingia na grini kadi tu. Na tuelewane, uraia sio sharti la kupata haki hizi, wanachoangalia ni utumishi wako na uliachaje jeshi.

Sasa shika hili: asilimia 100 na kudumu ni vitu viwili. Asilimia 100 inasema leo ulemavu wako ni kamili. Kudumu inasema VA wenyewe wamekubali hali yako haitarajiwi kuwa nafuu, yaani kwa kawaida hawakuiti tena kukupima. Vyote viwili vikikaa pamoja ndio watu wanaita P&T, yaani Permanent and Total, ya kudumu na kamili, na haki kubwa za familia zinategemea hilo neno kudumu. Kama barua inasema utaitwa kupimwa tena baadaye, bado hujafika. Kama inasema familia yako ina haki ya Chapter 35, basi umeshafika hata kama neno kudumu hujaliona popote.

Na usikate tamaa ukiwa chini ya 100. Mtu ambaye maumivu ya jeshini yamemzuia kabisa kushika kazi ya kueleweka anaweza kulipwa kiwango cha 100 akiwa na ugonjwa mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 ambayo ndani yake kuna mmoja wa 40, na ikitamkwa ni ya kudumu familia inapata yaleyale. Ila jumla ya VA sio ya sokoni, 50 na 30 haiwi 80, ile 30 inachukuliwa kwenye nusu iliyobaki, unapata 65 wanaipandisha mpaka 70.

Chapter 35 ni hela ya kila mwezi anayolipwa mwanafunzi mwenyewe, miezi 36 kwa aliyeanza kuitumia kuanzia Agosti 2018, na sio chuo kikuu tu, hata ufundi. Zamani mtoto kwa kawaida akifika miaka 26 mlango unafungwa, lakini kwa waliostahili kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 ukomo huo umeondolewa. Angalieni kitu kimoja, mtoto akishaanza kulipwa hii, ile nyongeza ambayo baba alikuwa anapewa kwa ajili yake kama mwanafunzi inasimama, hamuwezi kula pande zote mbili.

Matibabu ya mke na watoto ni CHAMPVA, fomu 10-10d, kwa familia ambazo hazina TRICARE, ile bima ya afya ya jeshi. Mtoto anabaki humo mpaka 18, au 23 akiwa anasoma fultaimu. Kodi ya serikali kwenye nyumba unayomiliki inategemea jimbo, Texas kwa mfano veterani wa asilimia 100 halipi kabisa kwa nyumba yake anayoishi, lakini lazima uombe. Na ukirudi kuishi nyumbani Mombasa au Arusha, malipo yako ya ulemavu yanakufuata.

Kuna jambo hatupendi kuliongea, kwetu kutaja kifo cha mtu mzima wa afya au mgonjwa ni kama kumtabiria. Lakini mjane ana haki ya malipo ya kila mwezi, yanaitwa DIC, kama mume amekufa kwa ugonjwa uliotokana na jeshi. Hata akifa kwa sababu nyingine kabisa, tuseme ajali ya barabarani, mjane bado anastahili kama marehemu alikuwa kwenye kiwango cha ulemavu kamili miaka 10 mfululizo kabla ya kufa, au tangu alipotoka jeshini kwa miaka isiyopungua 5. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye ile barua mke aijue na barua yenyewe ajue iko wapi. Na ndoa iwe na karatasi. VA wanaangalia kama ndoa ni halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mnaishi, na Kenya sheria ya ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe, basi nendeni mkasajili mkiwa wote wawili hai.

Mtu akikwambia umlipe kukuandalia dai la kwanza, kataa, sheria haimruhusu. Mawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani wanafanya bure. Paswedi yako ya VA usimpe mtu.

Yule kijana alijaza fomu 22-5490 kwenye simu yake palepale mezani kwangu. Mama akawa kimya anasoma zile kurasa safi, halafu akaniuliza taratibu kama na yeye anaweza, maana alitaka kusomea unesi tangu zamani. Anaweza, ni fomu hiyohiyo, anajaza ya kwake kwa jina lake.