Paka Akizidiwa Ghafla: Maswali ya Wafugaji wa Tanga

Paka wangu dume tangu asubuhi anaenda kwenye mchanga, anachuchumaa, analia, hatoi kitu. Nimnyweshe mafuta ya nazi afungue choo?

Hapana, mwanangu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, maana huenda kilichoziba si choo bali mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Ikizibwa na ute au chembe mfano wa mchanga, kibofu hujaa kikawa kigumu kama ndimu, taka za mwili zinarudi kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Mtazame vizuri: anajilamba huko nyuma bila kuacha, anajikamua, linatoka tone moja, pengine lina damu. Usimminye tumbo, kibofu kitapasuka. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu halina kishindo. Watu husema tumwangalie hadi kesho, na kukikucha paka keshakufa.

Anachemka mwili. Nusu kidonge cha panadol kitamdhuru?

Kinaweza kumuua. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, na damu yake inashindwa kubeba hewa. Fizi zinageuka kahawia au samawati, uso na nyayo zinavimba. Kama ameshapewa, usingoje dalili: kimbia naye, na pakiti ya dawa uichukue. Maziwa hayaondoi sumu, wala usimtapishe kwa chumvi. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini nayo usimpake kamwe. Humtia mtetemeko na degedege.

Tunanunua samaki soko la Deep Sea, matumbo tunamtupia paka. Leo uzi wa mshipi unaning'inia mdomoni mwake.

Usiuvute! Huenda ncha ya pili ina ndoano, au imeshafika kwenye utumbo, na ukivuta unaukata kama msumeno. Uache ulivyo, usimpe chakula, mpeleke.

Kagongwa na bodaboda hapa Makorora. Nimbebeje?

Mtelezeshe taratibu juu ya ubao au kanga mliyoikaza pande mbili, kisha mtie kwenye boksi lenye matundu. Panda bajaji. Panapovuja damu, gandamiza kwa kitambaa safi, usifunuefunue kuchungulia. Akihema mdomo wazi, au fizi zikiwa nyeupe, mwambie daktari kwa simu kabla hujafika, ajiandae. Namba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako itafute leo, paka angali mzima. Wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi, lakini atajua pa kukuelekeza usiku.

Ameniuma nilipomshika.

Ana maumivu, usimlaumu. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni tundu dogo la jino. Kichaa cha mbwa hata paka huweza kuwa nacho, na chanjo hupigwa kabla dalili hazijaanza.