Janjira: watu wanauliza mizinga, mi nawapeleka kwenye maji

Kwenye kazi yetu ya makumbusho, ukitaja ngome za India tu watu washarukia za Agra na Delhi. Haya, leo twendeni Murud, pwani ya Maharashtra, kama kilomita 165 kusini mwa Mumbai, kuna ngome baharini inaitwa Janjira. Jina lenyewe limetoka kwenye jazira ya Kiarabu, yaani kisiwa, na kweli imekikalia kisiwa chote, kuta zinachomoza majini, hakuna hata kaufukwe ka kushushia jeshi.

Wenyewe walikuwa Masidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi Wahabeshi, waliofika India wakiwa watumwa, askari, mabaharia, halafu wakaja kuwa watawala kabisa (Masidi wa Gujarati mpaka leo wana ngoma yao wanaiita goma, sina haja ya kutafsiri hapo). Mwanzo palikuwa na boma la mbao la wavuvi Wakoli, baadae ndo yakaja mawe.

Sasa ujenzi. Kuna buruji nyingi za duara, yaani minara minene ya ukutani, na lango kuu linatazama Rajapuri, kijiji cha pwani ng'ambo ya pili, lakini limefichwa katikati ya buruji mbili, ukiwa mbali unaona ukuta tu, mpaka chombo kisogee karibu kabisa ndo unashtuka kumbe mlango huu hapa, na ukifika hapo ushakuwa chini ya mizinga yao. Mmoja unaitwa Kalal Bangdi, una tani zaidi ya 22, watalii wote wanapiga nao picha. Nyuma kuna mlango mdogo wa kutokea baharini mambo yakiharibika.

Ila mi nakaa zaidi kwenye yale mabirika mawili makubwa ya ndani. Maji baridi, katikati ya bahari ya chumvi! Ukiizingira ngome ya kawaida unasubiri kiu iwatoe, hapa utasubiri sana. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, mahasimu wa Masidi, alijaribu kuiteka mara kadhaa ikashindikana mpaka akajenga ngome nyingine jirani, Padmadurg, na mwanae Sambhaji mwaka 1682 akaanza kujaza mawe baharini apate njia ya kuvukia, nayo haikufika. Masidi waliendelea na dola yao mpaka 1948 ilipoingizwa India.

Ukipanga kwenda usiende Juni mpaka Septemba, mvua za kule sio mchezo na mashua za Rajapuri huwa hazivushi watu.