Je, wajua kwa nini picha hii ya gereza haina mbingu?

"Mwalimu, mbona juu hakuna mbingu?" Aliuliza hivyo mtoto wa darasa la tano hapa Mbeya, mwezi wa saba, baridi imepamba moto, tukitazama picha ya mchoraji Vincent van Gogh iliyochapwa kwenye karatasi. Wengi huanza na wafungwa. Yeye alianza na kisichokuwapo.

Picha yenyewe ni ya wafungwa wanaozunguka ndani ya ua wa gereza. Hakuna mnyororo, hakuna anayepigwa, lakini kifua kinakubana ukiitazama. Sababu ni zile kuta: zinapanda mpaka ukingo wa juu wa picha, na jicho halipati pa kutokea. Sisi pia tumezungukwa, na milima, Loleza ukiwa juu ya mji kabisa. Ila hapa ukiinua uso unakutana na anga.

Halafu lile duara. Kwangu ndilo linaloumiza kuliko kuta. Miguu inafanya kazi, safari hakuna. Kila hatua inamrudisha mtu alikotoka.

Na rangi? Van Gogh alinakili mchoro wa msanii Mfaransa Gustave Doré wa gereza la Newgate, London, uliochapishwa mwaka 1872 kwa weusi na weupe tu. Kwa hiyo kila rangi unayoiona aliichagua mwenyewe. Akachukua bluu na kijani kilichopoa, kama asubuhi ya Uyole ukungu ukiwa bado umelala mashambani. Ilikuwa Februari 1890, naye alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Julai mwaka huohuo alifariki. Pale mbele katikati, mfungwa mmoja asiye na kofia ametugeuzia uso, na wengi humwona kuwa ni mchoraji mwenyewe. Nami naamini hivyo.

Juu ukutani wapo vipepeo wawili weupe, wadogo mno. Watoto waliwaona kabla yangu. Husemwa kwamba ni tumaini. Sawa, lakini tazama walipowekwa: juu sana ya vichwa vya watu wanaotembea wameinama. Tunaowaona ni sisi tulio nje.

Yule mtoto aliweka kidole juu ya kipepeo mmoja, akakipandisha polepole ukutani, mpaka kikatoka nje ya karatasi.