Mila ndizo zilizoleta jangwa?

Vijiweni hapa Dodoma utasikia: mila za wafugaji ndizo zilizomaliza miti, tusubiri wafadhili watufundishe. Sivyo. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili zamani: malisho yanayofungwa masika ili kiangazi ndama wapate nyasi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, baadaye kwa fedha za Norwei, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na sheria zake zikapitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa jamii unaoongozwa na wazee. Mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kuchoma pori nako ni mazoea, sikatai. Ila kisiki hai shambani Dodoma, yaani kisiki cha mti uliokatwa kinachochipua tena, hakidai mche wa dukani: unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogoa.