Usimamizi wa darasa ni nini, na kelele zinaingiaje hapo?

Usimamizi wa darasa ni yote anayofanya mwalimu ili kipindi kiende, wanafunzi wajifunze, na muda usiliwe na vurugu. Wengi wakisikia neno hili huwaza adhabu. Adhabu ni sehemu ndogo, tena huja mambo yakiwa yameshaharibika. Sehemu kubwa hufanyika kabla: namna somo lilivyoandaliwa, mahali mwalimu anaposimama, na jinsi anavyowavusha wanafunzi kutoka kazi moja hadi nyingine.

Nianze na kelele, maana ndizo zinazowachosha walimu wengi. Si kila sauti darasani ni kelele. Watoto wanne wanaobishana juu ya jibu la hesabu wanatoa sauti, na sauti hiyo ni kazi. Sikio likizoea huitambua hata ukiwa umeelekea ubaoni: sauti ya kazi hupanda na kushuka, ina vituo vya kufikiri, na ya mchezo hupanda tu. Kuzizima zote mbili kwa pamoja ni kosa, kwa sababu mtoto aliyekuwa akimweleza mwenzake hatua ya pili ya swali naye ananyamazishwa.

Sasa, kwa nini kelele hukua zenyewe? Daktari Mfaransa Étienne Lombard alichapisha maelezo yake mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Hali hiyo huitwa athari ya Lombard. Kundi la dirishani linaongea kwa kawaida. Kundi la jirani linapaza kidogo ili lisikilizane, la tatu nalo linapaza, na baada ya dakika chache chumba kizima kinavuma ilhali hakuna hata mmoja aliyekusudia. Huo si utovu wa adabu. Mwalimu naye huingia kwenye mashindano yale yale: "Nyamazeni!" Wananyamaza kidogo, kisha minong'ono inarudi. Akifoka hivyo kila siku, darasa hujifunza kwamba kabla hajafoka bado kuna ruhusa.

Mwalimu mzoefu hufanya kinyume. Hukatiza sentensi yake katikati, huinua mkono kama walivyokubaliana tangu mwanzo wa muhula, na husubiri. Sekunde hizo huonekana ndefu mno, na wengi hushindwa hapo: wanaanza kuongea wakati nusu ya darasa bado inazungumza. Subiri hadi wa mwisho anyamaze, kisha ongea kwa sauti ya chini. Anayetaka kusikia itambidi atulie.

Jambo hili lina uzito kuliko starehe ya mwalimu. Mtu mzima akikosa neno moja kwenye kelele hulibahatisha kutokana na mengine anayoyajua. Mtoto wa miaka saba anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hana pa kulibahatishia. Anayefundishwa kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, au mwenye usikivu hafifu, huumia zaidi. Katika miongozo yake ya mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za chinichini chumbani wakati wa kipindi, mbali na sauti ya anayefundisha, zisizidi desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika takribani 60. Kwa hiyo dirisha linaloelekea barabarani na kiti kinachokwaruza sakafu navyo ni mambo ya usimamizi wa darasa.

Kuhusu tabia, mwanasaikolojia wa Marekani Jacob Kounin alirekodi madarasa kwa video na kuyachambua, akachapisha matokeo mwaka 1970. Alitarajia kuona kwamba walimu wenye madarasa matulivu hukemea kwa namna bora zaidi. Hakuona hivyo. Tofauti ilikuwa katika yale waliyofanya kabla ya kosa: waliliona darasa lote kwa wakati mmoja na wanafunzi walijua kuwa wanaonekana, waliweza kushika mambo mawili bila kuliacha somo, na somo lao halikukatika ovyo.

Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Mwalimu anasema, "Fungeni vitabu, toeni madaftari." Madaftari yanatoka. Kisha anakumbuka: "Ngojeni, mchoro ule wa ukurasa uliopita mliuelewa?" Vitabu vinafunguliwa tena, mmoja hajaupata ukurasa, mwingine anamuuliza jirani, kalamu inaanguka, wawili wanacheka. Atakayekemewa ni yule aliyecheka, lakini vurugu ilianzia kwenye agizo.

Palipo na kosa la kweli, mimi naamini katika ukaribu. Sogea hadi kwenye dawati lake huku ukiendelea kufundisha. Mara nyingi kusimama hapo kunatosha. Kama hakutoshi, inama, mwambie kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake, kisha ondoka usimsimamie. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake hulazimika kujibu ili alinde heshima yake, na hapo kosa dogo huwa ugomvi.

Na anayerudia kila siku, katika kipindi kilekile, kabla ya kuitwa mkorofi mhamishie mbele kwa wiki moja. Huenda haoni ubao.