Shilingi ya Waziri na bei ya petroli: tunayoyadhani kuhusu Bunge na mafuta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, inatangaza bei mpya za mafuta, na kabla jua halijachomoza vizuri kijiwe kizima cha bodaboda kimeshamtukana mbunge. Hasira yenyewe naielewa. Shida ni kwamba mara nyingi inapelekwa dirisha ambalo silo, na mwenye dirisha lake anapita kimya kimya.

"Wabunge ndio wanaopanga bei ya mafuta."

Hawapangi. Bei ya mwezi inatoka kwenye kanuni ya hesabu: mafuta yaliyosafishwa yanauzwaje soko la dunia, meli na bima zimekula kiasi gani, dola ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, bandarini wametoza nini, kodi na tozo za Serikali, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, halafu nauli ya lori hadi mkoani. Ndiyo maana jedwali moja lina Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ambako meli hushusha, na pia lina Kyerwa kule Kagera, ambako lita hufika ikiwa imebeba gharama ya safari yote. Tena inayotangazwa ni bei kikomo. Sheli ikitaka kuuza chini yake, hakuna anayeizuia.

Ila humo kwenye hesabu kuna mstari mmoja ambao ni wa Bunge, nao ni wa kodi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Mwaka 2021 Serikali ilipendekeza kuongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo. Mwaka 2023 ikarudi na shilingi 100 nyingine, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Mara zote mbili pendekezo lilisomwa Juni, likajadiliwa, likapita kwenye Sheria ya Fedha. Hapo ndipo pa kumuuliza mbunge wako alisema nini. Wengi wetu mwezi Juni tunasikiliza bei ya bia na soda. Tozo ya lita inapita tukiwa tumeshazima redio.

Na tuwe wakweli: mbunge anayelalamikia tozo ya mafuta ndiye yule yule aliyesimama Aprili kuomba barabara ya kata yake ipitike masika. Barabara hiyo inajengwa kwa hela gani, kama si sehemu ya lita hiyo hiyo?

"Mbunge hana la kufanya, kodi ni ya Waziri wa Fedha."

Nusu yake ni kweli. Ibara ya 99 inamfunga mbunge: hawezi kuleta jambo la kuongeza kodi au matumizi mpaka lipendekezwe na Rais na kuwasilishwa na Waziri. Lakini kufuli hilo halizuii kupunguza. Mbunge anaweza kupendekeza tozo ishushwe. Anachokutana nacho ni swali la pengo litazibwa na nini, na wengi huishia hapo.

"Mbunge akishika shilingi, bajeti imekwama."

Hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote, maana naona video zinavyosambaa: "Mbunge ashika shilingi ya Waziri!" Watu wanadhani kuna jambo limezuiwa.

Iko hivi. Bajeti ya wizara ikishajadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia vifungu kimoja kimoja. Wakifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anasimama na kusema asiporidhika na maelezo anakusudia kutoa shilingi. Anauliza jambo lake, tuseme kwa nini vituo vya mafuta havifiki vijijini na watu wananunua petroli kwenye chupa za maji. Waziri anajibu. Mbunge haridhiki, anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, mjadala unawaka dakika kadhaa. Waziri anarudi na ahadi. Kisha linakuja neno ambalo video huwa halina: "Narudisha shilingi." Asiporudisha, wanaulizwa wanaosema ndiyo na wanaosema siyo, na mara nyingi shilingi inarudi kwa kelele za walio wengi. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo.

Kwa hiyo shilingi ni chombo cha kumlazimisha Waziri aongee kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Si kitu kidogo hicho, ahadi iliyo kwenye Hansard inaweza kukumbushwa mwaka unaofuata. Bajeti kukwama hasa ni jambo jingine. Julai 2011 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliondolewa mezani baada ya wabunge kuwaka, ikarudi Agosti. Ni nadra, na sababu moja imeandikwa kwenye Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Mbunge aliyemaliza kulipa madeni ya kampeni juzi analijua hilo vizuri.

"Bunge halina meno kwenye nishati."

Kama ni hivyo, muulize mtu aliyekuwa anasikiliza redio Februari 2008. Kamati Teule chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura baada ya ukame wa 2006. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Novemba 2014 likaja sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, fedha zilizochotwa baada ya kuwekwa kando kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya umeme, kupitia ukaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto Kabwe. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, na Waziri wa Nishati akafuata Januari 2015.

Ninachokiona mimi ni kwamba meno hayo huuma baada ya nyama kuliwa. Na yote mawili yalihusu umeme na mikataba, mahali penye karatasi za kufuatilia. Bei ya petroli haina mkataba mmoja wa kuushika. Ina meli, dola na mistari ya jedwali.

"Ruzuku ya 2022 ilishusha bei ya mafuta."

Ilishusha bei ya pampu. Shilingi bilioni 100 zilizotolewa kwa mwezi wa Juni, baada ya bei kupaa kufuatia vita vya Ukraine na kelele kubwa bungeni, zilikuwa hela za umma zikilipia sehemu ya lita. Muuzaji wa nje alipokea dola zake zile zile.

"Tuna gesi, petroli ingekuwa rahisi."

Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay inaendesha mitambo ya umeme, viwanda, na sasa baadhi ya magari yaliyofungwa mitungi. Petroli na dizeli tunaagiza zote. Mafuta ghafi ya Uganda yanayokuja Chongoleani, Tanga, kwa bomba ni ya kupakiwa melini na kwenda zake.