Je, kunyamaza ni kukubali? Kuku wa soko la Kadutu anajibu

"Mbona hakupiga kelele?" Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwanamke akisema ameshikwa kwa nguvu, yaani amebakwa, swali hilo mara nyingi hutangulia pole. Mimi pia niliwahi kuliuliza, juu ya msichana wa mtaa wetu. Niliamini kwamba asiyetaka atapiga mayowe, atauma, atakimbia, na asipofanya hivyo basi moyoni alikubali. Nilikosea vibaya. Sikumkosea yeye peke yake, kwa sababu kila aliyenisikia siku ile alijifunza kwamba akipatwa na jambo hilo akaduwaa, sitamsadiki.

Tazama kuku sokoni Kadutu. Mlaze chini, mbane kifua kwa mkono muda kidogo, kisha uondoe mkono polepole. Mara nyingi hainuki. Miguu haijafungwa, macho yako wazi, hakuna anayemshika, lakini amelala palepale, pengine kwa dakika nzima. Halafu ghafla anaruka na kukimbia. Padri mmoja msomi, Athanasius Kircher, aliandika habari hii mwaka 1646. Alimchorea kuku mstari wa chaki mbele ya macho, akadhani kuku anauona mstari ule kama kamba iliyomfunga. Leo wataalamu wanalieleza jambo hili kwa hofu: mnyama aliyekamatwa, asiyeweza tena kukimbia wala kupigana, mwili wake unajifunga wenyewe. Hauombi ruhusa kwa akili. Na hakuna atakayesema kuku yule alikubali kisu.

Binadamu naye hupatwa na hali hiyo. Utafiti uliochapishwa Sweden mwaka 2017 uliwauliza wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya Stockholm baada ya kubakwa. Asilimia 70 walieleza mwili kuganda kwa kiwango kikubwa, wakiwemo asilimia 48 ya wote walioganda kupita kiasi. Hao ni wanawake waliofika kliniki na kusimulia walichokumbuka, kwa hiyo tusizihamishe hesabu hizo Bukavu kama zilivyo. Wapo wanaopigana, wapo wanaopiga kelele. Ila ulimi uliokwama kooni hauwezi kuwa ushahidi wa ridhaa.

Sheria yetu ya Kongo ililiona hilo mapema. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006, ya mwenendo wa mashauri ya jinai, inakataza kabisa kusema mtu aliridhia kwa kuwa alinyamaza au hakujitetea. Inakataza pia kuitafuta ridhaa katika maneno yaliyotoka chini ya nguvu, vitisho au mazingira ya kulazimisha. Mkoa ulioishi na bunduki miaka mingi hivi hauhitaji kuelezwa mazingira hayo ni nini. Mwalimu mwenye alama za mtihani mkononi na mwenye nyumba anayedai kodi nao wanaweza kuyatengeneza, bila silaha yoyote.

Ndiyo maana wanaotetea haki za wanawake wanaligeuza swali. Tumezoea kumhoji mwanamke: ulivaa nini, ulikataa mara ngapi? Wao wanamhoji mwanaume: ulijuaje kwamba anataka? Hapo "hakusema hapana" halitoshi, wala "nilitoa mahari". Mwanaume anayejali huona mkono uliolegea, uso uliogeukia ukutani, pumzi iliyobanwa. Anaacha, anaketi kando, anauliza, "Unataka kweli?" Na jibu lisipokuja, anavaa shati lake.